Nyama ya Koito kwenye Friza ya Maabara

Kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika maabara ile ya utafiti wa mifugo, nje kidogo ya Nakuru kwenye barabara ya Njoro, aliwahi kufukuzwa na Kigen angalau mara moja. Si kufukuzwa kazi, maana cheo hicho hakuwa nacho. Yeye alikuwa fundi wa maabara tu. Alikuwa akikufukuza chumbani. Ukiingia bila koti jeupe, nje. Ukishika kitasa cha mlango na glavu ulizoshikia kemikali, nje. Na ukifungua chupa iliyotoka kwenye friza kabla haijapoteza baridi, hapo alikufuata mpaka kwenye korido akikuuliza kama kwenu unga huwekwa maji kwanza ndipo upelekwe dukani. Miaka ishirini na miwili alikuwa hivyo, na watu walimpenda hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa na haki ya kuringa. Hakuna kitu kilichowahi kuharibika mikononi mwake.

Mwezi wa tano ikafika chupa moja ya kahawia, fupi kama kidole gumba. Ndani mlikuwa na unga wa manjano iliyofifia, hata kijiko cha chai usingejaza. Uliitwa kwa herufi na namba, lakini maabara nzima waliuita "ule wa Winrose". Winrose Cherono alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, binti wa wafugaji wa Kabazi, na watafiti wa ng'ambo ndio waliompa unga huo aujaribu kwa bakteria wanaoleta ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe wa kwao walikuwa wakidungwa dawa za agrovet, duka la dawa za mifugo, mpaka bakteria wakazizoea, na maziwa yakawa yanamwagwa asubuhi na jioni. Unga huo haukuuzwa duka lolote. Ilikuwa chupa moja, na ikiisha au ikiharibika, uandike barua na kungoja huruma ya wenyewe.

Tena ulikuwa unga wenye maringo. Mwanga uliuharibu, ndiyo maana ya chupa ya kahawia. Joto uliliogopa, kwa hiyo ulikaa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Unyevu ndio ulikuwa adui yake mkubwa: ulinyonya maji hewani ukashikana mabonge, na saa ishirini na nne za joto na unyevu zilitosha kuumaliza nguvu, ingawa kwa macho usingeona tofauti. Haukuyeyuka kwenye maji bali kwenye kiyeyusho maalumu, na kiyeyusho hicho hupenya ngozi na kubeba chochote kilichomo ndani yake, kwa hiyo ni glavu mbili, si moja. Karatasi iliyokuja nayo ilisema kwa wino mwekundu kwamba ile si dawa ya mtu wala ya mnyama, ni ya utafiti peke yake. Kigen aliisoma karatasi hiyo mara tatu, akamsomea Winrose mara moja, kisha akamuuliza maswali. Winrose alijibu yote. Kimoyomoyo Kigen alijua kwamba katika wanafunzi wote aliowafundisha hakuwahi kupata mwenye mikono mitulivu kama ya binti huyo.

Walikitia kichupa kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, pamoja na kifuko kidogo cha shanga za kunyonya unyevu. Shanga zikiwa kavu huwa za buluu. Zikishiba maji hugeuka waridi. Kwenye mlango wa friza palikuwa na chati ya joto, mtu wa zamu aliandika namba kila siku na kutia sahihi, na juu ya chati palikuwa na tangazo ambalo Kigen aliliandika kwa mkono wake mwenyewe: CHAKULA MARUFUKU HUMU, HATA KIDOGO, HATA CHA MKUBWA.

Sasa tuseme lililotokea, maana halina namna ya kupambwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, wazee kutoka Eldama Ravine walikuwa waje kwa Kigen kwa ajili ya koito, yaani kuzungumza mahari ya binti yake Jepkosgei. Kigen anaishi Kaptembwo, na juma hilo transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka, nyumba zote gizani, friji zote kabati tu. Ijumaa alikuwa ametoka Naivasha kuchukua sampuli za kazi. Gari lilipofika Kikopey dereva akasimama, na Kigen akaona pale buchani mbuzi waliochinjwa asubuhi hiyo, wanono, wa kuwatoa wakwe kimasomaso. Alinunua kilo kumi na mbili. Ni kilomita chache baada ya hapo ndipo alipokumbuka kwamba nyumbani hakuna umeme.

Angeweza kuipeleka kwa jirani wa mtaa mwingine, au kumwambia mkewe aichemshe usiku huo. Lakini mtu akitaka jambo hupata sababu, na sababu aliyoipata Kigen ilikuwa kwamba ni usiku mmoja tu, nyama imefungwa vizuri kwenye mifuko miwili, na ile sheria aliiandika kwa ajili ya watu wazembe. Kwa hiyo alipofika maabara aliisogeza trei ya Winrose na ile ya bakteria walioganda, akasukuma nyama nyuma, akaufunga mlango wenye tangazo lake mwenyewe.

Jumamosi alfajiri aliitoa kwa haraka huku boda boda ikimngoja nje. Nyama ilikuwa imegandia ukutani. Alivuta, mfuko wa nje ukachanika, naye hakugeuka kuangalia. Wageni walikula, walisifu, na mzee mmoja alisema hajala mbuzi wa namna ile tangu watoto wake wakiwa wadogo. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Jepkosgei alipoitwa kuja kuwasalimu wageni, Kigen alijisikia baba kamili. Zamu ya kusoma chati wikendi hiyo ilikuwa yake, na Jumamosi hakukumbuka, na Jumapili aliona aibu kuwaacha wageni waliolala kwake aende kutazama namba ambayo haijabadilika kwa miaka.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alifungua maabara akakanyaga maji. Kipande cha plastiki cha mfuko wa nyama kilikuwa kimebanwa kwenye mpira wa mlango, na mlango ulikuwa wazi upana wa kidole. Kioo cha friza kilisema nyuzi kumi na nne, juu ya sifuri. Aliutoa mfuko wa Winrose. Shanga zote zilikuwa waridi.

Kama angesimama hapo hapo akampigia simu Daktari Wangu, mkuu wa maabara, ingekuwa kosa tu. Watu wanakosea. Lakini aliwaza jinsi habari ile itakavyosemwa, Kigen aliweka nyama ya wakwe kwenye friza, na akasikia tayari vicheko vya wote aliowafukuza kwa miaka ishirini na miwili. Damu ikampanda usoni akiwa peke yake chumbani. Alichomoa kile kipande cha plastiki, akapiga deki, akafunga mlango ukashika. Alitoa kifuko kipya cha shanga za buluu kwenye droo, akakiweka mahali pa kile cha waridi. Kisha akachukua kalamu akajaza visanduku vitatu, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, nyuzi ishirini chini ya sifuri, nyuzi ishirini, nyuzi ishirini, na sahihi tatu. Winrose alipoingia saa nane mchana, friza ilikuwa imerudia baridi yake, naye Kigen alikuwa akimfukuza kijana mmoja aliyeingia na chapati mkononi.

Majaribio ya Winrose ni rahisi kuyaelewa. Unakuza bakteria kwenye kisahani mpaka watande juu yake pote, unaweka katikati kiduara cha karatasi kilicholowekwa kwenye dawa, na baada ya siku moja unatazama. Dawa ikifanya kazi, bakteria hufa pembeni ya karatasi na panabaki duara safi. Mwezi wa tano unga ule ulitoa duara pana kuliko sarafu ya shilingi ishirini, na Winrose alimpigia mamake simu Kabazi palepale. Mwezi wa sita haukutoa chochote. Bakteria wa maziwa ya kwao walimea mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Alirudia mara ya pili, akarudia mara ya tatu akianza kila kitu upya, mpaka kuyeyusha unga kwa glavu mpya na kupima mara mbili mbili. Kigen alimsaidia kubeba visahani. Alimsaidia, na hakusema.

Wiki ya tatu Daktari Wangu aliwaita wote wawili ofisini. Alikuwa mwanamke mpole aliyechukia kupoteza vitu. Alisema unga ulikuwa mzuri ulipofika, sasa umekufa, na kitu kama hicho hakijifii chenyewe. Kuna mtu ameupasha joto au ameufungua ukiwa baridi ukaingia maji. Winrose alisema amefuata kila hatua. Daktari akamgeukia Kigen.

"Mzee Kigen, friza ilikuwa sawa?"

"Chati iko hapo, Daktari."

Hakudanganya, alijiambia, chati ndiyo iliyodanganya. Huo ulikuwa ujanja wa mtoto na alijua. Winrose alimtazama mara moja tu, si kwa hasira, kisha akatazama chini. Daktari akasema basi lililobaki ni mikono ya Winrose, aende akafikirie amefanya nini, kwa sababu pesa za masomo yake zinaisha mwezi wa nane na bila unga hakuna utafiti, na bila utafiti ni kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo Kigen hakujipenda. Aliona haya kujitazama kwenye kioo cha friza. Wanafunzi walipokosea hakuwafukuza tena, akawa anapita tu, nao wakaulizana kama mzee ni mgonjwa. Nyumbani chakula kilimshinda, na mkewe Chepkemboi alipombana siku moja jioni wakichambua maharagwe, akamweleza yote. Alitegemea mkewe aanze na Winrose. Chepkemboi akauliza jambo jingine.

"Baba Jepkosgei, unaniambia nyama ya wageni wangu ililala na wadudu wa ng'ombe wagonjwa?"

Kigen alieleza kwamba bakteria wamefungwa kwenye vichupa, na nyama ilichomwa ikaiva. Mkewe alisema hajauliza hayo. Alisema habari hii ikifika Ravine, wale wazee hawatakumbuka heshima waliyopewa, watakumbuka walilishwa kutoka maabara, na Jepkosgei ataingia ndoani na jina hilo. Kisha akaweka sinia chini akasema, kwa sauti ya kuchoka, kwamba hata hivyo yule msichana ni mtoto wa mtu. Kigen aliona haya mara mbili, kwa Winrose na kwa mkewe, na hakujua ni ipi iliyomuuma zaidi.

Alhamisi ndipo alipoamua. Alivaa shati safi kama mtu anayekwenda kanisani, akagonga mlango wa Daktari Wangu, akakaa. Alikuwa ameshapanga maneno: ataanza na nyama. Lakini Daktari alikuwa anatabasamu, na alianza yeye.

Winrose, alisema, alikuwa amekuja jana na barua. Amekiri. Aliandika kwamba siku moja alikuwa na haraka akafungua chupa kabla haijapoteza baridi, unyevu ukaingia, kosa ni lake. Daktari aliituma barua hiyo kwa wenye unga, nao wakajibu usiku uleule. Makosa ya wanafunzi wanayajua, wanasamehe mara moja. Watatuma chupa nyingine, bora msichana afundishwe upya na fundi wa maabara, na fundi atie sahihi kwamba sasa anaweza.

"Waliniuliza jambo moja tu," Daktari alisema. "Kama rekodi za friza ni za kuaminika. Wakasema rekodi zikiwa za uongo hawatumi kitu hapa tena, si kwa Winrose, si kwa mtu yeyote. Nikawaambia nina mzee hapa wa miaka ishirini na miwili. Nikaweka jina lako."

Akamsukumia fomu juu ya meza. Maneno yote aliyokuwa amepanga Kigen yalikauka. Na lililomtia aibu kuliko yote ni kwamba ndani yake, chini ya ule uzito, alisikia kitu kikipumua, kitu kilichofurahi kwamba hana haja ya kusema. Alishukuru, akachukua fomu, akatoka. Daktari akamkumbusha kutoka mlangoni kwamba kesho ni Ijumaa ya chai.

Ijumaa ya chai aliianzisha Kigen mwenyewe, zamani. Saa nne maabara yote hukusanyika jikoni, na aliyeharibu kitu juma hilo husimama, huku ameshika kikombe, akasema alichoharibu na atakavyofanya safari nyingine. Hakuna anayecheka wala anayeadhibiwa. Akimaliza, Kigen humshukuru, kisha huuliza kama kuna mwingine.

Mchana huo wa Alhamisi alimfundisha Winrose. Hebu fikiria jambo hilo. Alisimama mbele ya meza ya kazi akamwambia avae glavu, naye akavaa mbili. Akamwambia aeleze chupa ikitoka kwenye friza hufanywaje, naye akaeleza, huwekwa mezani nusu saa ikiwa imefungwa, hupanguswa nje, hufunguliwa mahali penye mwanga hafifu, huchukuliwa kinachotakiwa tu, hufungwa mara moja. Alijibu kama mtoto anayesoma ubaoni, bila kukosea hata nukta. Kigen alishindwa kuendelea.

"Winrose, hukufungua ile chupa ikiwa baridi."

"Hapana, mzee."

"Ni mimi. Niliweka nyama ya koito. Mlango haukufunga."

Alingoja ashtuke. Winrose alivua glavu moja polepole, akiikunja ndani nje kama alivyofundishwa.

"Najua," akasema. "Kile kifuko cha shanga mimi hukiandika tarehe nikikiweka. Hiyo Jumatatu nilikuta kipya, hakina tarehe. Na friza ilikuwa inanuka mbuzi."

Kigen alihisi uso ukiwaka mpaka masikioni. Muda wote ule, majaribio yote matatu, wakati anambebea visahani, binti alikuwa anajua. Akamuuliza kwa nini hakusema, hata pale ofisini.

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilingoja ile siku kwa Daktari, ukasema chati iko hapo." Aliitupa ile glavu pipani. "Nikaona basi. Mwanafunzi akikosea anasameheka. Chati ikiwa ya uongo, hii maabara yote imeisha, na mimi nayo. Nikaandika barua."

Kigen alisema anakwenda kwa Daktari sasa hivi, hata kama ni kufutwa kazi. Alikuwa tayari ameshafika karibu na mlango.

"Uende umsaidie nani, mzee?"

Hakusema kwa ukali. Alisema jinsi mtu anavyouliza njia. "Wewe ukisema utalala vizuri. Mimi nitarudi Kabazi, niwaambie wale watu walionipa maziwa kwamba imeshindikana. Kama ungetaka kusema, kulikuwa na wiki tatu. Sasa tia sahihi."

Kigen alirudi mezani. Fomu ilikuwa na sentensi moja ya Kiingereza iliyosema kwamba yeye, fundi wa maabara, amemfundisha mtu huyu na kumwona anastahili. Ilikuwa kweli, kila neno, na ndiyo maana mkono ulimwia mzito. Alitia sahihi. Winrose aliichukua kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu kutoka kwa mzee, akasema asante.

Ijumaa saa nne jikoni palijaa. Jerry anayeosha vyombo alikuwa amechemsha chai ya maziwa na kukata mkate. Daktari Wangu alikaa dirishani. Winrose alisimama na kikombe chake, akasema mbele ya watu kumi na wanne kwamba ameharibu chupa ambayo hakuna duka linaiuza, kwa sababu ya haraka, kwamba unyevu uliingia kwa mkono wake, na kwamba hatafungua tena chupa kabla ya nusu saa. Sauti ilimtetemeka mahali pamoja tu, aliposema majirani zao waliokamua ng'ombe wagonjwa wampe sampuli walikuwa wanangoja jibu. Mwisho akageuka.

"Na nashukuru mzee Kigen kwa kunifundisha tena. Amekuwa mvumilivu kwangu."

Watu walipiga makofi. Daktari alimtazama Kigen kwa fahari, akatikisa kichwa kama mtu anayesema tungefanya nini bila wewe. Kijana mmoja aliyewahi kufukuzwa kwa sababu ya chapati alimpigapiga mgongoni. Kigen alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na chai ilikuwa inamwagikia vidole, na hakusikia moto wake.

Kisha macho yote yakamgeukia, maana ilikuwa zamu yake kusema maneno yake ya kila Ijumaa. Winrose peke yake hakumtazama. Alikuwa anachovya mkate. Kigen alisimama. Alimshukuru kwa kusema ukweli, na neno hilo lilipomtoka alitamani ardhi impokee.

"Kuna mwingine?" akauliza.

Alingoja kuliko alivyozoea kungoja. Alipitisha macho kwa mmoja mmoja, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kana kwamba kweli alikuwa anamtafuta mtu. Hatimaye Jerry akasema hakuna, mzee, watu wanywe chai ikiwa moto. Kigen akasema sawa, akaketi.